Nakala ya Maskati

Madungu, Chake Chake
3 Agosti 2024

Mdogo wangu Abeer,

Assalaamu alaykum. Najua barua pepe hii itakukuta kitandani, maana daktari wako kakataza usitoke hapo, na Anas kanambia unamgombeza kila akikuondolea laptopu. Simu mwachie mumeo akae nayo, upumzike na kelele za magrupu. Kuandikiana si kubaya. Wazee wetu waliandikiana baina ya Pemba na Maskati miaka mingi na wakaelewana.

Nina shida, na fundi ni wewe. Jumatano alifariki Mzee Mmanga, yule wa duka la vitambaa. Nikaweka tanzia kwenye tovuti yetu ya habari za misiba asubuhi mapema kama kawaida yangu: jina, mtaa, msikiti, saa ya kumswalia, makaburi. Haukupita muda tovuti ikafa. Watu waliifungua kwa mkupuo, Unguja, Mombasa, Dubai, huko kwenu, na ile kompyuta tunayoikodi Ulaya ikazidiwa. Wako waliofika makaburini wakakuta wenzao wanarudi. Binamu yake wa Wete alinipita barabarani bila ya salamu.

Nimeambiwa dawa yake ni hizi kampuni zinazotawanya nakala za tovuti duniani, kila msomaji akapewa iliyo karibu naye. Tatu zimenijibu: Safina, Tarishi na Marjani. Kila moja inajisifu mpaka aibu naona mimi. Zipime, unichagulie moja.

Mama hajambo. Mafua tu yamemkamata na sauti imemkauka. Anakusalimia sana.

Kaka yako,
Nizar

*

Maskati
5 Agosti 2024

Kaka Nizar,

Wa alaykumu ssalaam. Nimelala ubavu wa kushoto kama nilivyoamriwa, na laptopu nimeilaza ubavu wa kulia. Anas akiingia naifunika shuka. Usicheke. Mimba mbili zimeniponyoka, na hii ya tatu ndiyo iliyofika mbali, kwa hiyo natii. Lakini nikiachwa nitazame dari mpaka Novemba nitarukwa na akili, basi kazi yako nimeipokea kwa mikono miwili.

Nikueleze kwa lugha yako. Tovuti yetu ni ghala, na ghala liko Ulaya. Hizi kampuni ni maduka ya mtaani. Mtu wa Maskati hana haja ya kufuata sukari Ulaya, anachukua kwa jirani. Kasoro ni kwamba jirani anaweza kukupa kitu cha zamani. Wewe ukibadilisha habari huko Madungu, lazima kila duka liambiwe litupe nakala yake na lichukue mpya.

Marjani iache. Duka lake la karibu liko Afrika Kusini, habari ya Chake itazunguka huko ndipo imrudie mtu wa Mkoani. Tarishi ina mbio kuliko zote. Ina mashine Mombasa na ina mashine hapa hapa Maskati, ukurasa unafunguka hata kidole hujakiinua. Ila kila mji unashika nakala yake kwa muda utakaoupanga wewe, na ukisahau, unaishika tu. Safina imepitwa kidogo kwa mbio, lakini ukibonyeza mara moja nakala zote za zamani zinafutika dunia nzima kwa pamoja.

Chukua Safina. Hapa mbio si hoja. Mtu haifungui tovuti yetu kutazama picha, anataka ajue nani kafa na anazikwa saa ngapi. Tanzia ya jana ikifunguka upesi ni uongo uliowahi kufika. Nitakuandikia namna ya kuiunganisha.

Na hayo mafua ya Mama ni mafua gani yasiyokwisha? Mwambie anirekodie salamu, uzitume kwa njia hii hii. Sauti iliyokauka nayo ni sauti.

Mdogo wako,
Abeer

*

Madungu
6 Agosti 2024

Shemeji Anas,

Baada ya salamu, Mama hana mafua. Ni saratani ya ini. Tumetoka naye hospitali Unguja wiki iliyopita, na wakatwambia kwa adabu kwamba tumrudishe nyumbani. Bi Time, jirani yetu, ndiye anayenisaidia kumwosha na kumgeuza. Wewe unajua namna Abeer alivyo na mama yake. Akisikia atafunga sanduku siku hiyo hiyo apande ndege, na akizuiwa atalia mpaka mimba iharibike.

Mama mwenyewe mwanzo alisema, "Msimwambie n'toto, ana mimba, mwacheni ajifungue kwanza." Kwa hiyo nimeshika hilo. Nambie kama na wewe uko pamoja nami.

Nizar

*

Maskati
8 Agosti 2024

Shemeji Nizar,

Niko pamoja nawe, na Mungu atusamehe. Daktari kanambia wazi kwamba presha yake iko ukingoni, mshtuko mmoja tu na tunampoteza mtoto, pengine na mama yake. Nimewaomba jamaa zetu wote wa hapa wafunge midomo. Simu yake iko kabatini kwangu.

Kilichobaki ni tovuti yako. Anaifungua kila asubuhi kabla ya chai. Siwezi kumnyang'anya hiyo bila ya kumtia shaka. Likitokea la kutokea, usimweke Mama humo.

Anas

*

Madungu
9 Agosti 2024

Shemeji,

Kutomweka haiwezekani. Watu wa kisiwa kizima nawatangazia maiti zao, tajiri na fukara, mpaka yule wa Kisiwa Panza aliyekufa hana ndugu nilimtangaza na msikiti ukajaa. Leo mama yangu azikwe na safu mbili kwa sababu mwanawe kaficha? Nataka aswaliwe na watu wengi. Kuna njia nyingine, nimeiona katika maelezo ya Abeer mwenyewe. Niachie.

Nizar

*

Madungu
10 Agosti 2024

Mdogo wangu Abeer,

Ahsante kwa kazi nzuri. Nina swali. Kuna familia moja ya Gando, mama yao yu hoi. Mtoto wao mmoja yuko huko Maskati, mgonjwa naye, na hawataki apate habari mpaka apone. Wananiuliza: tanzia ikiwekwa, inawezekana watu wa Maskati wakabaki na ukurasa wa zamani, na kwengine kote wakaona mpya?

Mama anakusalimia. Kurekodi kakataa, anasema sauti yake inatisha.

Nizar

*

Maskati
12 Agosti 2024

Kaka Nizar,

Kuwezekana kunawezekana. Kwa Safina huwezi, inafuta kote. Kwa Tarishi unaingia kwenye orodha ya miji, unaichagua Maskati, na pale palipoandikwa muda wa nakala unaweka muda mrefu unaoutaka. Mashine ya hapa itaendelea kutoa ukurasa ule ule, na Mombasa na Dubai wataona mpya. Ni kazi ya dakika mbili.

Lakini usifanye. Kwanza utawagandishia watu wote wa Maskati, si mtu mmoja, na huku tuko wengi. Pili, hao watu wa Gando waambie kwa ajili yangu kwamba wanakosea. Aliye mbali hana cha kumfanyia mzazi wake. Hampi maji, hamgeuzi kitandani. Amebakiwa na kujua tu, na kusema naye neno moja kabla hajaondoka. Ukimnyima na hilo umemfanya nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeumbuka si mgonjwa. Usinitajie ni akina nani, nisije nikamtuma Anas akamwambie huyo mtoto wao.

Mwambie Mama sauti yake haijawahi kunitisha ila pale aliponikamata na embe za watu.

Abeer

*

Madungu
15 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nimechukua Tarishi. Najua ulisema Safina, lakini wasomaji wetu wengi ni wa Maskati na nimeona mbio zina maana kwao. Nimeiunganisha mwenyewe kwa kufuata maelezo yako na imekubali.

Wale wa Gando nimewafikishia. Wamesema wamesikia.

Nizar

*

Maskati
16 Agosti 2024

Kaka,

Umeniomba ushauri, nimekupa, na umekwenda kinyume chake. Sawa, tovuti ni yako. Ningekuwa na simu ungenisikia.

Nampa Anas siku mbili anirudishie hiyo simu nizungumze na Mama. Sitaki salamu za kuletewa. Mwambie hivyo.

Abeer

*

Madungu
25 Agosti 2024

Shemeji Anas,

Usimrudishie simu hata akikulilia. Mama kageuza maneno. Tangu wiki iliyopita anamtaka Abeer. Kila akizinduka anasema, "Mpigieni mwanangu, nataka n'sikie sauti yake." Bi Time anasema tumpigie, maneno ya mtu anayeondoka hayazuiliwi. Lakini Abeer akiisikia sauti ile dakika moja tu atajua kila kitu. Si sauti ya mtu wa mafua. Ni pumzi tu.

Namtuliza Mama kwa maneno. Moyo wangu unauma, lakini mmoja anakwenda na mwengine anakuja, na nimeamua kumlinda anayekuja.

Nizar

*

Maskati
26 Agosti 2024

Shemeji,

Kalia siku nzima jana kwa ajili ya simu. Nikamwambia imeharibika iko kwa fundi. Hanisemeshi. Presha imepanda kidogo, daktari kaongeza vidonge. Tusilegee sasa, tumeshafika mbali.

Anas

*

Madungu
2 Septemba 2024

Shemeji Anas,

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Mama katangulia alfajiri ya leo. Nilipotoka kumfunika uso niliingia kwenye Tarishi nikaigandisha Maskati kwanza, ndipo nikaandika tanzia yake.

Kaswaliwa adhuhuri. Msikiti ulijaa mpaka barabarani. Walitoka Wete, Mkoani, wengine sijui walivuka saa ngapi kutoka Unguja. Muangalie Abeer kesho asubuhi atakapofungua.

Nizar

*

Maskati
3 Septemba 2024

Shemeji,

Mungu amrehemu na amsamehe. Kafungua, kasoma ukurasa wa juzi, kasema, "Leo Pemba hakuna aliyekufa, alhamdulillahi." Kisha akaniomba chai. Nilikwenda kulia bafuni.

Anas

*

Maskati
9 Septemba 2024

Kaka Nizar,

Nimekasirika nawe vya kutosha, sasa nimechoka. Mama hajambo?

Jana alikuja kunitazama Mwanaasha, yule msichana wa kwetu Pemba tunayekaa naye mtaa mmoja. Alikuwa amevimba macho. Maalimu Pandu, aliyemsomesha Kurani utotoni, amefariki na kuzikwa, na yeye kaja kusikia kwa mtu wa Dubai. Anasema huifungua tovuti yetu kila siku na hakuona kitu. Wenzake wangemsomea maalimu hitma hapa siku ile ile. Hakunilaumu, alisema tu, "Mtandao wenu umelala, dada." Niliona haya.

Nikatazama mwenyewe. Ukurasa wa hapa umeganda, ni ule ule wa wiki nzima. Nilikwambia kuhusu Tarishi. Usijisumbue, sasa hivi naingia nione kasoro iko wapi.

Abeer

*

Madungu
9 Septemba 2024

Abeer,

Usiiguse tafadhali. Nimeshawaandikia Tarishi na wao ndio wanaoitengeneza. Pumzika. Maalimu Pandu ni kosa langu, nitamwomba radhi Mwanaasha. Mama hajambo, anakusalimia.

Nizar

*

Maskati
17 Septemba 2024

Kaka Nizar,

Sawa, nimeiacha.

Mama leo kala nini?

Abeer

*

Madungu
18 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Kala uji wa mtama, kikombe kizima, akaomba na mkate wa boflo. Kisha akaketi barazani na Bi Time wakawasengenya majirani. Anasema ukijifungua ule supu ya pweza, usisikilize madaktari.

Nizar

*

Maskati
19 Septemba 2024

Kaka,

Ahsante. Niandikie zaidi. Alivaa kanga gani? Bado anachukia feni?

Abeer

*

Madungu
20 Septemba 2024

Alivaa ile ya zambarau uliyomletea mwaka juzi. Feni anaichukia vile vile, anasema inamtia upepo mifupani. Jana alicheka mpaka akakohoa, Bi Time alimhadithia habari za harusi ya mjini.

Nizar

*

Maskati
14 Oktoba 2024

Kaka Nizar,

Daktari kasema ni msichana. Muulize Mama tumwite nani. Nataka jina litoke kwake.

Abeer

*

Madungu
16 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nimemuuliza. Alifikiri kidogo kisha akasema Shatha. Anasema lina harufu nzuri.

Nizar

*

Maskati
21 Novemba 2024

Kaka Nizar,

Mtoto kazaliwa jana, mzima, analia kwa nguvu. Nami ni mzima.

Tangu asubuhi Anas anazunguka kitanda changu. Kamwita Mwanaasha aje akae karibu yangu, kanishika mkono mara nyingi. Ndiyo ada yetu, habari ya msiba hupelekewi ukiwa peke yako. Nitamwacha aseme, maskini, kajitayarisha sana. Lakini wewe nakwambia kabla yake.

Najua tangu tarehe tisa Septemba. Barua yako ya kunikataza ilifika nimeshaingia. Niliiruka nakala ya Maskati nikaenda moja kwa moja kwenye ghala. Wa mwanzo alikuwa Maalimu Pandu. Chini yake, Mama: Bi Umkulthum binti Marhoun, Madungu, kuswaliwa baada ya adhuhuri. Uliandika vizuri, hukukosea hata herufi. Kisha nikaangalia mipango ya Tarishi, nikaiona Maskati iko peke yake, na muda ulioiwekea. Njia ni ile niliyokufundisha mimi.

Nilifunga laptopu nikamsomea Yasini kimoyomoyo, Anas anakaanga mayai jikoni. Mtoto alikuwa akicheza tumboni. Jioni walikuja kunipima presha na haikupanda. Ningeweza kulibeba, kaka. Hamkuniuliza, mlikaa wanaume wawili mkanipimia moyo wangu.

Mwanzo nilinyamaza kwa hasira, nikitaka nione utafika wapi. Kisha nikajikuta nazingoja barua zako. Ulipoandika kala uji, nilimwona anakula. Nilijua unabuni na nilisoma mara nyingi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo bado yu hai. Ila kwenye jina hukuwahi kumjua. Mama asingesema lina harufu nzuri, angesema jina la bibi yake na akaniamuru. Mtoto tumempa la Mama mwenyewe, Umkulthum.

Nakuomba kitu kimoja, na usibuni tena. Aliniulizia? Niandikie maneno yake kama yalivyotoka mdomoni mwake, hata yakiwa machungu.

Abeer

*

Madungu
23 Novemba 2024

Abeer,

Mungu amkuze Umkulthum. Sistahiki kusema zaidi katika salamu.

Alikuulizia. Tangu katikati ya Agosti, kila siku akiwa na fahamu, alikuulizia. Nilimwandikia Anas kwamba namtuliza kwa maneno na sikumwambia ni maneno gani. Nilimwambia Mama kwamba napiga na wewe hushiki. Nilidhani ataacha kuuliza.

Mwanzo alisema, "Labda kalala, mpigie baadae." Siku nyengine, "Hajashika tu?" Akamfanya Bi Time amwekee simu kwenye mto, asije akapitwa ukipiga wewe. Bi Time alinitazama, nami nikatazama pengine.

Siku moja kabla hajafa alinivuta nguo nimsogelee. Akanambia, "Nambia kweli, Nizar. Nimemkosea nini n'toto huyu?"

Nilimwambia, "Hujamkosea kitu, Mama, atapiga." Hakuniamini. Akageukia ukutani, na mpaka anakata roho hakulitaja tena jina lako.

Nizar